Bingwa wa mezani? Ubishi wa Formula 1 unaochanganya sheria na uwezo wa dereva

Pale kijiweni kwetu Sinza, Jumapili ya mbio za magari za Formula 1 benchi hujaa mapema. Muuza chipsi ana televisheni na king'amuzi, kwa hiyo watu wa Simba na wa Yanga wote huhamia kwake, na siku hiyo ushabiki hubadilika rangi: huyu wa dereva Hamilton, yule wa Verstappen, na siku hizi wapo vijana wanaomshangilia Norris. Mbio zenyewe huchukua kama saa moja na nusu. Ubishi hauna muda. Na hata ukianza na matairi, mwisho wake huangukia kwenye neno lilelile: "Yule ni bingwa wa mezani."

Kila anayefuata ligi yetu anajua neno hilo limetoka wapi. Timu imefungwa uwanjani, kamati inakaa, inagundua mpinzani alichezesha mtu asiye halali, pointi zinahama. Hizo ndizo pointi za mezani. Kumwita dereva bingwa wa mezani ni kumwambia kwamba kombe alilopokea limetengenezwa ofisini.

Nimeona watu waliozoeana miaka mingi wakinuniana kwa neno hili. Lakini kinachoniuma zaidi ni wale waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza kuupenda mchezo, wakasikiliza ubishi mwezi mzima, wakahitimisha kwamba "haya yote yamepikwa", wakaacha kutazama. Hayajapikwa. Yamechanganywa. Ndani ya ubishi huo kuna maswali matatu yaliyofungwa fundo moja: sheria inasemaje, aliyepewa kuisimamia aliisimamia sawasawa, na nani dereva bora. Mmoja anauliza la pili, mwenzake anamjibu la tatu, na wote wawili wanaondoka wakiamini wameshinda.

Tuanze na wenye mchezo. Shirikisho la kimataifa la magari, FIA, ndilo linaloandika kanuni na kuzisimamia. Kanuni zenyewe ziko za namna mbili kubwa. Zipo kanuni za ufundi, zinazohusu gari: uzito, vipimo, mafuta. Na zipo kanuni za mbio, zinazohusu mwenendo barabarani: nani ampishe nani, gari la usalama, lile linalotuliza msafara kukiwa na hatari, likitoka mfanye nini, mwendo wa kuingia piti, yaani kituo cha mafundi pembeni ya barabara, uwe kiasi gani. Nani anasimamia? Hapa wengi hukosea, kwa sababu huzoea mpira wenye refa mmoja mwenye filimbi. Kwenye Formula 1 yupo mkurugenzi wa mbio, anayeendesha shughuli yote: anaanzisha, anasimamisha, anatoa gari la usalama. Halafu lipo jopo la waamuzi, kwa kawaida watu watatu au wanne, na tangu 2010 mmoja wao huwa ni mtu aliyewahi kushindana mwenyewe. Mkurugenzi akiona jambo halijakaa vizuri huwapelekea waamuzi. Kuadhibu ni kazi ya waamuzi. Ni sawa na trafiki na hakimu: trafiki hukusimamisha na kuandika, hakimu ndiye anayekutia hatiani. Weka tofauti hiyo kichwani, maana kisa cha Abu Dhabi 2021, nitakachokisimulia mbele, hakieleweki bila yake.

Kanuni za ufundi ndizo rahisi kuzielewa na ndizo zinazouma zaidi. Dereva yeyote wa lori anayetoka Dar kwenda bara anaijua mizani ya Vigwaza. Mizani haikuulizi kama ulikusudia, haikuulizi mzigo ni wa nani, haitaki kujua umetoka nyumbani saa ngapi. Inasoma namba. Formula 1 nayo ina mizani yake, ila kule kosa ni kupungua. Mwaka 2024 gari pamoja na dereva halikutakiwa kuwa chini ya kilo 798. Mwezi Julai mwaka huo, kwenye mbio za Ubelgiji pale Spa, George Russell wa Mercedes alifanya jambo la ujasiri. Alisimama piti mara moja tu wakati wapinzani wake wa karibu walisimama mara mbili, akabaki na matairi yaliyochoka hadi mwisho, akawa wa kwanza kuvuka mstari. Gari likaondolewa mafuta, likapimwa: kilo 796.5. Pungufu kilo moja na nusu. Akafutwa. Ushindi ukaenda kwa Lewis Hamilton, mwenzake wa timu hiyohiyo, aliyemaliza wa pili.

Hakuna aliyesema Russell aliendesha vibaya siku ile. Hata waamuzi hawakusema hivyo, wala haikuwa kazi yao kusema. Swali lililokuwa mbele yao lilikuwa moja tu, gari lina kilo ngapi.

Na hapa niwaombe ndugu zangu wa Hamilton wanisikilize bila kukasirika. Kama neno "mezani" tunalitumia kwa maana yake halisi ya mpira, yaani aliyekuwa nyuma anapewa ushindi baada ya mchezo kwa sababu aliyekuwa mbele amekutwa na kasoro ya sheria, basi Spa 2024 ndiyo ushindi wa mezani. Sijamsikia hata mtu mmoja kijiweni akiuita hivyo. Na ni sawa wasiuite kwa kejeli, kwa sababu Hamilton hakuiba kitu. Nitalirudia neno hili mbele.

Kanuni za mbio ni habari nyingine kabisa, kwa sababu huko hakuna mizani. Kuna macho na akili za watu.

Mkazi wa Dar anaelewa kuchomekea. Uko kwenye foleni ya kuelekea Mwenge, daladala linatanua pembeni, linaingiza pua mbele yako, na dereva wake ananyoosha mkono dirishani kana kwamba nafasi ilikuwa yake tangu asubuhi. Je, ilikuwa haki yake kuingia? Wewe utasema hapana. Abiria wake watasema pua ilishaingia, ulitakiwa umpishe. Ubishi mzima wa kupitana kwenye kona za Formula 1 ni huo: pua iwe imeingia kiasi gani ndipo mwenzako alazimike kukuachia nafasi?

FIA ina mwongozo kwa waamuzi kuhusu jambo hilo. Kwa anayejaribu kupita upande wa ndani wa kona, tairi lake la mbele linatakiwa liwe limefika angalau usawa wa kioo cha pembeni cha mwenzake, kabla ya kufika ndani kabisa ya kona na akiwa pale pale ndani. Pia gari lazima liwe linatawalika na liweze kumaliza kona bila kutoka nje ya barabara. Anayepita upande wa nje ana mzigo mkubwa zaidi. Ukiusoma mwongozo huo kwa haraka unaonekana unajitosheleza. Tatizo ni kwamba dereva mwerevu huusoma pia.

Oktoba 2024 pale Austin, Marekani, Lando Norris alijaribu kumpita Max Verstappen kwa nje zikiwa zimebaki mizunguko michache. Verstappen alichelewa kufunga breki, akafika ndani ya kona wa kwanza, kisha magari yote mawili yakatoka nje ya mstari mweupe. Norris akarudi barabarani akiwa mbele. Waamuzi wakampa Norris sekunde tano, akaanguka kutoka nafasi ya tatu hadi ya nne. Hoja yao ilifuata mwongozo: hakuwa mbele pale ndani ya kona, akapita akiwa nje ya barabara, basi amefaidika isivyo halali. Wapenzi wa Norris wakauliza, na mimi naona waliuliza kwa haki: kama aliyekuwa anajilinda naye alitoka nje, kweli alikuwa akiilinda kona, au alikuwa akiiwahi tu ile alama ya ndani ya kona? Wiki moja baadaye, Mexico, Verstappen akamsukuma Norris nje mara mbili na kupewa sekunde kumi kwa kila kosa.

Kijiweni wiki hizo mbili zilisimuliwa kama ushahidi wa upendeleo, kila upande ukichukua wiki inayoufaa. Mimi naziona kama ushahidi wa kitu kingine. Ukiandika sheria kwa alama moja inayopimika, mtu hodari ataiwahi alama hiyo hata kama amesahau kona yenyewe. Mpira unao ugonjwa huu. Tangu sheria ya mkono itungwe upya na kutungwa tena, kila beki kwenye boksi ameficha mikono mgongoni kama aliyefungwa pingu.

Jambo jingine linalowavuruga wengi ni adhabu kutofanana na madhara. Julai 2021, Silverstone, Uingereza, mzunguko wa kwanza kabisa: Hamilton na Verstappen wakagusana kwenye kona ya mwendo mkali, Verstappen akajigonga ukutani kwa nguvu ya G 51, yaani mara 51 ya mvutano wa dunia, akapelekwa hospitali kuangaliwa. Hamilton akaonekana ndiye mwenye kosa kubwa zaidi, akapewa sekunde kumi. Akazitumikia piti, akarudi, akashinda mbio. Watu wa Verstappen hawajaisahau hadi leo. Mwenzako yuko hospitali, wewe unamwagiwa shampeni?

Uchungu huo nauelewa. Lakini kanuni ya msingi ni kwamba waamuzi hupima kitendo. Rafu iliyostahili kadi ya njano inabaki ya njano hata aliyechezewa akitolewa kwa machela, na rafu ya nyekundu inabaki nyekundu hata aliyechezewa akiinuka na kukimbia. Ukianza kuadhibu matokeo, dereva mwenye gari imara lililonusurika atapona na kosa, na mwenye bahati mbaya atafungiwa kwa mguso mdogo. Unaweza kusema sekunde kumi zilikuwa kidogo kwa kitendo kile. Hiyo ni hoja halali. "Zilikuwa kidogo kwa sababu alilazwa" ni hoja nyingine, na ni dhaifu zaidi.

Kwa faida ya asiyejua: sekunde hizo hutumikiwaje? Gari linapoingia piti linasimama, na mafundi hawaruhusiwi kuligusa hadi muda uishe. Badilisho la matairi lenyewe huchukua sekunde mbili na kitu, kwa hiyo sekunde kumi za kusimama ni nyingi sana. Dereva asipoingia tena piti, sekunde huongezwa kwenye muda wake wa mwisho. Pia zipo pointi za adhabu zinazoingia kwenye leseni yake, zikifika 12 ndani ya miezi 12 anakosa mbio moja, kama mchezaji wetu anavyokosa mechi kwa kadi tatu za njano. Utaratibu huo ulianza 2014, na aliyekuwa wa kwanza kuufikia ukomo ni Kevin Magnussen, mwaka 2024. Alikaa nje mbio za Azerbaijan.

Sasa Abu Dhabi. Hii ndiyo mama wa ubishi wote, na hapa siwezi kwenda haraka.

Tarehe 12 Desemba 2021, saa 10 jioni kwa saa zetu, Hamilton na Verstappen walianza mbio za mwisho za msimu wakiwa na pointi sawa, 369.5 kila mmoja. Aliyemaliza mbele ndiye bingwa. Hamilton aliongoza karibu mbio nzima, na zilipobaki dakika chache alikuwa mbele kwa zaidi ya sekunde kumi. Kwenye mzunguko wa 53 kati ya 58, Nicholas Latifi aligonga ukuta. Gari la usalama likatoka. Gari hilo huongoza msafara polepole, hakuna kupitana, ili wafanyakazi wasafishe barabara. Madhara yake ni kwamba pengo lote ulilolihangaikia linafutika. Ni kama ulimwacha mwenzako Kimara na wewe uko Magomeni, halafu mkakutanishwa kwenye taa moja.

Timu ya Verstappen ikamwita piti, akafungwa matairi laini mapya. Hamilton akabaki na magumu aliyoyavaa tangu mzunguko wa 14. Wengi huuliza kwa nini Mercedes, timu ya Hamilton, nao hawakuingia. Kwa sababu aliye mbele hana uhuru wa aliye nyuma. Hamilton angeingia, Verstappen angebaki barabarani na kuchukua uongozi, na kama mbio zingeishia nyuma ya gari la usalama, ubingwa ungekuwa umeondoka hapohapo.

Kati ya wawili hao kulikuwa na magari matano yaliyokuwa yamezungukwa, yaani yako nyuma kwa mzunguko mzima lakini kwenye msafara yamejipanga katikati. Kanuni iliruhusu magari ya namna hiyo yaambiwe yapite mbele, yazunguke, yakajipange mkiani. Kanuni ikasema pia kwamba baada ya la mwisho kupita, gari la usalama litarudi piti mwishoni mwa mzunguko unaofuata. Mkurugenzi wa mbio, Michael Masi, kwanza alitangaza kwamba magari hayo hayataruhusiwa kupita. Kisha akabadili. Akayaruhusu yale matano tu yaliyowatenganisha Hamilton na Verstappen, mengine yaliyozungukwa yakabaki yalipo, na gari la usalama likarudi piti mzunguko huohuo bila kusubiri unaofuata. Ukabaki mzunguko mmoja. Matairi mapya dhidi ya matairi yaliyochoka. Verstappen akapita kwenye kona ya tano, akawa bingwa.

Mercedes wakapeleka malalamiko kwa waamuzi usiku uleule. Waamuzi wakakataa. Walisema kanuni nyingine, ya 15.3, inampa mkurugenzi mamlaka ya juu kabisa juu ya matumizi ya gari la usalama.

Mtu wa Dar anaweza kuuelewa mgogoro huu vizuri kuliko hata mwanasheria wa Ulaya. Simama kwenye makutano ya Morocco saa mbili asubuhi. Taa inasema nyekundu, trafiki anasema pita. Unafuata nani? Trafiki. Mkono wake uko juu ya taa, na hakuna anayebishana na hilo. Hiyo ndiyo hoja ya waamuzi. Hoja ya Mercedes ilikuwa kwamba mamlaka ya kuamua taa ipuuzwe si mamlaka ya kuchagua magari matano ndani ya mstari mmoja yapite na ya nyuma yake yabaki. Mimi nasimama na Mercedes kwenye hoja hiyo. Naamini pia kwamba kanuni ingefuatwa kama ilivyoandikwa, ama magari yote yaliyozungukwa yangepita na mbio kuishia nyuma ya gari la usalama, ama yasingepita na Verstappen angekuwa na magari matano ya kuyaruka kwa mzunguko mmoja. Kwa vyovyote, Hamilton alikuwa njiani kuchukua ubingwa wa nane.

FIA yenyewe ilichunguza. Februari 2022 Masi aliondolewa kwenye nafasi ile. Ripoti iliyotoka mwezi uliofuata ilisema alitenda kwa nia njema, katika shinikizo kubwa la muda, na kwamba kulikuwa na kosa la kibinadamu: si magari yote yaliyozungukwa yaliyoruhusiwa kupita. Utaratibu wa kuyatambua magari hayo ulikuwa ukifanywa na watu kwa mikono, ukaundiwa programu. Na kanuni, ambayo kwa Kiingereza ilikuwa na neno linaloweza kusomwa "yoyote", ikaandikwa upya isomeke "yote". Ripoti hiyohiyo ikasema matokeo ni halali na hayabadiliki.

Ongeza na hili, linalosahaulika: timu zote zilikuwa zimekubaliana zamani kwamba inapowezekana mbio zisiishie nyuma ya gari la usalama. Masi hakuamka asubuhi akatunga hamu hiyo.

Basi tulirudie neno letu. Abu Dhabi, ni nani alivuka mstari wa kwanza? Verstappen. Na ni nani alikwenda mezani kuomba matokeo yabadilishwe? Mercedes. Meza ikakataa. Kwa maana halisi ya neno, Verstappen ni kinyume cha bingwa wa mezani. Kilichotokea ni kosa la refa uwanjani, kama refa anayeongeza dakika zisizokuwepo na bao likaingia humohumo. Bao linabaki, lawama ni za refa, na mfungaji alifanya kazi yake. Verstappen aliitwa na mkono wa trafiki, akapita. Ulitaka asimame?

Nilipomweleza hivi mzee mmoja kijiweni, fundi wa gia aliyetumia nusu ya maisha yake chini ya magari pale Gerezani, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Sawa mwanangu, nimekuelewa. Lakini je, alistahili?"

Hilo ndilo swali la tatu, na ndilo tamu kuliko yote. Angalia lilivyo mbali na mawili ya kwanza. Kustahili ubingwa wa 2021 hakupimwi kwa mzunguko mmoja. Msimu ulikuwa na mbio 22, Verstappen akashinda kumi, Hamilton nane. Mojawapo ya ushindi wa Verstappen ilikuwa ile ya Spa, ambako mvua ilizuia mbio kabisa, magari yakatembea nyuma ya gari la usalama, wakagawiwa nusu ya pointi. Nusu pointi zile zilizokaa kwenye jedwali zilitoka huko. Kwa hiyo mwaka uleule kanuni mbovu ilimpa Verstappen kitu Ubelgiji. Upande wa pili, kwenye mbio kuu za Silverstone, aliondoka bila kitu.

Na kumpima dereva kwa ujumla ni kazi ngumu kuliko hata hiyo, kwa sababu ya gari.

Wanaosema "gari ndiyo kila kitu" wanayo hoja. Anayeendesha Coaster iliyokufa injekta hatamshinda mwenye mpya, hata akiwa na mikono ya dhahabu. Kwenye Formula 1 kila timu hutengeneza gari lake, na tofauti kati ya la kwanza na la mwisho ni kubwa. Lakini tunao mfano mmoja wa deiwaka. Nyote mnamjua deiwaka, yule dereva asiye na gari lake maalumu, anayeshikilia usukani siku mwenye gari anaumwa. Desemba 2020, kwenye mbio za Sakhir, Bahrain, Hamilton alikuwa na korona. Mercedes wakamwazima Russell kutoka Williams, timu ya mkiani, ambako alikuwa hajapata hata pointi moja. Kiti kilimbana, viatu vilimbana. Akaanza wa pili, nyuma ya Valtteri Bottas mwenye gari lilelile kwa sekunde 0.026. Mbio zilipoanza akamwacha na kuongoza sehemu kubwa, hadi timu ilipomfunga matairi ya mwenzake kwa makosa, kisha akapata pancha. Akamaliza wa tisa. Mtu yuleyule, wiki moja mkiani, wiki inayofuata mbele. Gari lilifanya kazi hiyo. Lakini gari la Bottas lilikuwa lilelile, na alimpita.

Hapo ndipo kipo kipimo kilicho karibu zaidi na haki: mwenzako wa timu. Mwaka 2007 Hamilton aliingia McLaren akiwa mgeni kabisa, pembeni yake Fernando Alonso, bingwa mara mbili. Walimaliza msimu na pointi 109 kila mmoja. Mgeni, mwaka wa kwanza. Mwaka 2023 Verstappen alikuwa na pointi 575, mwenzake Sergio Pérez, gari lilelile, 285. Gari lilikuwa bora kuliko yote, Red Bull walishinda mbio 21 kati ya 22, lakini 19 kati ya hizo zilikuwa za mtu mmoja. Kipimo hiki nacho kina ufa wake, maana timu huliendeleza gari kwa kumfuata dereva wake wa kwanza, na wa pili huachwa akihangaika na kitu ambacho hakikushonwa kwa kipimo chake. Hata hivyo ni bora mara mia kuliko kuhesabu makombe.

Kipimo kingine ni mvua, inayopunguza tofauti za magari na kuongeza za watu. São Paulo 2024, kwenye maji, Verstappen alianza wa 17 akashinda. Na ukiwa palepale São Paulo rudi nyuma hadi 2021: Hamilton alifutwa kwenye kupanga nafasi kwa sababu upenyo wa bawa lake la nyuma ulizidi milimita 85, akaanza mbio fupi za Jumamosi mkiani, akapanda hadi wa tano, akashushwa nafasi tano nyingine kwa kubadili injini, akaanza mbio kuu wa kumi, akashinda. Nikitaka kumwonyesha mtu kwamba hukumu ya sheria na ubora wa dereva ni mambo mawili, humwonyesha wikiendi hiyo. Gari lilikuwa na kosa, adhabu ilikuwa halali, na dereva alikuwa wa ajabu. Yote kwa siku tatu.

Kuna suala la fedha, linaloibuka kila mara. Mwaka 2021 kulikuwa na ukomo wa matumizi wa msingi wa dola milioni 145 kwa timu, na Red Bull walikutwa wameuzidi kwa asilimia 1.6. Wakatozwa dola milioni 7 na kupunguziwa asilimia kumi ya muda wa majaribio ya umbo la gari. Ni kosa la kweli na lilithibitishwa. Nani anaweza kusema lilinunua sehemu gani ya sekunde? Hakuna, na ndiyo sababu halitakwisha kubishaniwa.

Wazee waliokulia kwenye Safari Rally hushangaa kelele zote hizi. Enzi zile mbio zilipita Kenya, Uganda na kwetu, na mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland wa Tanzania ndani ya Peugeot 404. Kwenye rali magari huondoka moja moja, mpinzani wako mkubwa ni saa, tope na shimo. Hakuna pua ya mtu kwenye kona yako. Ubishi wa nani alimchomekea nani unazaliwa pale tu watu wawili wanapotaka barabara moja kwa wakati mmoja.

Novemba 2025, Las Vegas, Norris alimaliza wa pili na mwenzake wa McLaren, Oscar Piastri, wa nne. Baada ya mbio ukapimwa ubao ulio chini ya magari yao, ambao haupaswi kulika hadi chini ya milimita 9. Yote mawili yalikuwa chini. Wote wawili wakafutwa, na Norris akapoteza pointi 18. Kijiweni watu wa Verstappen waliimba siku ile. Wiki mbili baadaye, Abu Dhabi tena, Norris akawa bingwa kwa pointi 423 dhidi ya 421 za Verstappen.

Pointi mbili. Yule mzee fundi wa Gerezani alihesabu kwa vidole, akarudia, kisha akaniuliza kama zile sehemu za milimita zingeliamua kombe, ningemwita Verstappen bingwa wa nini. Nilimjibu kwamba ningemwita bingwa. Wenzetu wa Norris kwenye benchi wakaanza kupiga kelele, na muuza chipsi akaongeza sauti ya televisheni.